Sura ya Tano: Mafundi, Mirathi na Mji wa Lamu

Pwani ya Afrika Mashariki, tangu visiwa vya Wabajuni hadi Sofala, imejaa magofu ya miji ambayo zamani ilikuwa na misikiti yenye mihirabu ya nakshi, visima vya maji matamu na majumba ya mawe yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Na msafiri apitaye Takwa katika kisiwa cha Manda, au Gedi karibu na Malindi, au Songo Mnara kusini mwa Kilwa Kisiwani, huona kuta zilizosalia zikiwa zimeshikwa na mizizi ya miti, wala hapati mwenyeji wa kumkaribisha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoutunga utenzi wake wa Al-Inkishafi, aliyafanya majumba ya Pate yaliyokwisha fahari yake kuwa mawaidha juu ya dunia isiyodumu; na Pate ni jirani ya Lamu, iliyopata mvua ile ile, chumvi ile ile, na pepo zile zile za kaskazi na kusi. Basi yatupasa kuuliza ni kwa sababu gani Lamu imesalimika, hata leo watu wanazaliwa, wanaoana na wanazikwa humo, na hata mwaka 2001 Shirika la UNESCO likauandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa kuwa ndio mji wa Waswahili mkongwe na uliohifadhika kuliko yote katika Afrika Mashariki.

Wengine watajibu kuwa ni bahati, na wengine kuwa ni umaskini uliowazuia watu kubomoa na kujenga upya. Majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli, maana ni kweli kwamba biashara ya Lamu ilidhoofika baada ya Mombasa kupata reli na bandari kubwa, na fedha za kujenga upya zikawa haba. Lakini umaskini peke yake huleta magofu, kama tuonavyo kwingineko. Jawabu lililo karibu zaidi na haki ni kwamba Lamu ilijengwa kwa vitu vinavyoharibika, na watu waliojua kuwa vitaharibika, nao wakaweka utaratibu wa kuvitengeneza kizazi baada ya kizazi. Palipo na mwenye nyumba anayeishi humo, na fundi anayeijua kazi, na chokaa na boriti zinazopatikana karibu, hapo mji huishi. Likikatika moja katika hayo, yaliyobaki hayafai kitu. Hoja ya sura hii ni hiyo, na yote yatakayofuata ni kuieleza.

I. Mji na nyumba zake

Mji umelala kandokando ya mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa cha Lamu na kile cha Manda, nao una pande mbili mashuhuri. Kaskazini ni Mkomani, penye majumba mengi ya mawe yaliyojengwa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Na kusini ni Langoni, ambako kwa muda mrefu nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na ambako Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliasisi Msikiti wa Riyadha unaowakusanya wageni wengi kila mwaka wakati wa Maulidi. Kati yake imesimama ngome, iliyojengwa baina ya mwaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kutaka himaya ya Sayyid Said wa Omani. Ngome hiyo ilifanywa gereza tangu mwaka 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na leo watoto wa mji huingia kwa hiari yao mahali ambapo babu zao waliingizwa kwa pingu.

Ajabu kubwa zaidi ya mji haimo katika ngome. Imo katika nyumba za watu. Mtu aingiapo nyumba ya mawe ya Mkomani hupita kwanza daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba hukaa na wale ambao hana haja ya kuwaingiza ndani. Kisha hupita tekani, ambayo imepindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha hutokea kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, chenye kutia mwanga na hewa katika nyumba nzima. Kutoka hapo huifuata misana miwili, mirefu na myembamba, mmoja nyuma ya mwingine, sakafu ya kila mmoja ikiinuka kidogo kuliko ya ule uliotangulia, mpaka kufika ndani kabisa, chumba cha mwenye nyumba, ambako ukuta umejazwa zidaka safu juu ya safu, zilizochorwa kwa lipu nyeupe iliyokatwa kwa kisu ilipokuwa bado mbichi. Na katika choo huwekwa birika la maji, na ndani ya birika samaki wadogo walao mabuu ya mbu, hata maji ya kunawia yakakaa safi bila ya dawa yoyote.

Upana wa vyumba hivi vyote aghalabu haupiti mita 3. Wajenzi hawakukosa wasaa wala ujuzi wa kufanya ukumbi mpana. Walifuata kipimo cha boriti ya mkoko, ambayo ikizidi urefu huo haiwezi kubeba dari la mawe na chokaa bila ya kuinama. Msitu wa pwani ndio uliotoa kipimo cha chumba, na chumba kikatoa kipimo cha nyumba, na nyumba kipimo cha kichochoro, ambacho katika mitaa mingine ni chembamba hata watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega na punda aliyebeba mawe humlazimisha mtu kurudi nyuma mpaka kwenye daka la karibu. Wembamba huo una manufaa yake, maana jua la adhuhuri halifiki chini, na upepo wa baharini hupenya mpaka katikati ya mji.

II. Chokaa na boriti

Mawe ya ujenzi wa Lamu ni ya aina mbili. Yako matumbawe laini yatolewayo baharini, ambayo hukatika kwa shoka yangali na maji na huwa magumu yakishakauka, na hayo ndiyo yaliyotumiwa kwa vizingiti, mihirabu na nakshi. Na yako mawe magumu ya nchi kavu, yanayochimbwa Maweni katika kisiwa cha Manda na kuvushwa kwa mashua. Mawe hayo hujengwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Wachomaji huzipanga kuni katika duara kubwa, gogo juu ya gogo, wakiacha tundu katikati la kutilia moto. Juu yake hulundika vipande vya mawe. Kisha huwasha na kuliacha tanuri liwake usiku kucha, mpaka kuni ziishe na mawe yageuke kuwa meupe na mepesi. Yakishapoa hunyunyiziwa maji, nayo huvuma, hutoa mvuke na kusambaratika yakawa unga. Fundi mwema hautumii unga huo siku hiyo hiyo. Huuloweka, akauacha muda mrefu upoe na kulainika, kwa sababu chokaa changa hupasuka ukutani, ilhali iliyokaa hushika na kukubali kisu cha nakshi.

Sakafu na dari huhitaji subira zaidi. Boriti hulazwa kutoka ukuta hata ukuta. Juu yake hupangwa mawe bapa. Juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa. Kisha kundi la watu hushika vibao na kupigapiga kwa pamoja, wakiimba ili mikono ifuate kipimo kimoja, siku baada ya siku, mpaka maji yote yatoke na sakafu iwe ngumu. Kazi hii yataka watu wengi, na kwa hiyo ilikuwa kazi ya jamaa na majirani, si ya fundi peke yake.

Boriti hutoka katika misitu ya mikoko, na Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Wakataji huijua miti yake kwa majina na kwa amali: mkoko kwa boriti, mkandaa kwa fito na kwa gome la kutia rangi, mchu kwa kazi nyingine, nao huzitenga nguzo kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, kila moja na bei yake. Kwa karne nyingi majahazi yalizipakia nguzo hizi kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti mirefu ni adimu, na nyumba nyingi za kale za huko zimeezekwa kwa boriti za pwani yetu, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje katika mwaka 1982. Mwaka 2018 ikaja marufuku nyingine ya kukata miti katika misitu ya nchi nzima, ambayo iliigusa mikoko pia. Hapana mwenye akili atakayekataa kwamba msitu sharti ulindwe, maana mikoko ndiyo mazalio ya samaki na ngao ya ufuo. Ila mtu atakaye kuuhifadhi mji wa mawe sharti ajue kwamba anauhifadhi pamoja na msitu wake, na kwamba mkataji mwenye leseni, anayechagua mti uliokomaa na kuuacha mdogo ukue, ni mhifadhi wa mji sawasawa na mwashi aliye juu ya jukwaa.

Madhara yanayotokea pale mnyororo huu unapokatika huonekana kwa macho. Mwenye nyumba asiyepata chokaa nzuri hununua saruji, kwa kuwa saruji iko dukani, hukauka upesi, na kila kibarua anaijua. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, na huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukifunikwa saruji, maji yaliyomo na chumvi yake hukosa pa kutokea, yakakaa ndani, yakala mawe kwa siri, na kuzilowesha ncha za boriti zilizozikwa ukutani mpaka zikaoza. Nje ukuta ni laini na safi, ndani unakufa. Siku moja lipu hubanduka kwa mapande makubwa, au boriti huvunjika, na mwenye nyumba huamini kuwa nyumba ya kale imezeeka na haifai, ilhali iliyoiua ni tiba isiyokuwa yake. Wako pia wanaoongeza ghorofa ya zege juu ya kuta ambazo waliozijenga hawakuzikusudia mzigo huo, na nyufa zake hushuka mpaka nyumba ya jirani, kwa maana katika mji huu ukuta mmoja mara nyingi hutumikia nyumba mbili.

III. Mirathi na wikio

Katika nyumba za Lamu iko desturi moja ambayo bila ya kuijua hatuwezi kuifahamu ramani ya mji. Mzazi mwenye uwezo, binti yake alipokaribia kuolewa, alimjengea nyumba, au akamwongezea ghorofa juu ya ile ya kwake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kwa hiyo nyumba ilikuwa heshima na amana ya mwanamke: hakutoka kwa mama yake akaenda ugenini, na ikitokea talaka hakukosa paa. Na pale nyumba ya binti ilipokuwa ng'ambo ya kichochoro, zilipitishwa boriti juu ya njia, kikajengwa chumba kiitwacho wikio, ili wanawake wa ukoo mmoja waende na kurudi pasipo kushuka barabarani. Mgeni apitaye chini ya wikio hufurahia kivuli chake na kuupiga picha. Mwenyeji hujua kuwa hapo juu ndipo yalipo mafungamano ya mama na mwana, na kwamba mtaa mzima umeshonwa kwa mafungamano ya namna hiyo.

Desturi hii ndiyo iliyokuwa bima ya matengenezo. Nyumba ilikuwa na mwenyewe anayelala humo, ambaye huona tone la kwanza la maji darini na kuita fundi kabla ya masika. Na jamaa walio karibu hutoa nguvu zao siku ya kupiga sakafu. Kadhalika misikiti na visima viliwekewa wakfu, duka au shamba ambalo mapato yake yalinunua chokaa na mafuta ya taa, hata sadaka ya mtu mmoja ikawa inafanya kazi ya ukarabati miaka mingi baada ya kufa kwake.

Leo bima hiyo imelegea. Nyumba moja hurithiwa na watu wengi kwa mafungu ya sharia, wengine wako Mombasa, wengine Nairobi, wengine Maskati au Ulaya, na kila mmoja anayo haki katika nyumba, wala hapana mmoja mwenye wajibu wa kuitengeneza. Maji huingia, dari huanguka, na siku warithi wanapopatana, hupatana kuuza. Tangu wageni wenye mali walipoanza kuipenda Lamu, na hasa Shela iliyo kusini yake, mnunuzi hakosekani. Wako katika wageni hao waliozifufua nyumba zilizokuwa vifusi, wakawalipa mafundi kwa haki, na baadhi ya ustadi wa nakshi za lipu ulio hai leo umelishwa na kazi zao. Jambo hilo lastahili shukrani. Hata hivyo nyumba inayofunguliwa msimu mmoja na kufungwa msimu wa pili haipeleki mtoto chuoni, haijazi safu msikitini, haina bibi wa kuulizwa habari za zamani. Na bei inapopanda kwa kadiri ya mfuko wa mgeni, kijana wa Mkomani anayetaka kuoa hana budi kwenda kutafuta kiwanja nje ya mji. Hapo kuta zitasimama vizuri, na sababu iliyozisimamisha itakuwa imeondoka.

IV. Sheria, wataalamu na bandari

Haifai kusema kwamba wakuu hawakufanya lolote. Katika miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan aliupima mji na kuuandikia vitabu vilivyoufumbua macho ulimwengu; katika mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa Makumbusho ya Taifa, na mwaka huo huo mji wa kale ukatangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ikatia nguvu zaidi. Kwa kanuni hizi nyumba haibomolewi wala kuongezwa bila ya ruhusa, na manufaa yake ni dhahiri kwa kila anayeulinganisha mji huu na miji mingine ya pwani iliyopoteza nyumba zake nyingi za kale katika muda huo huo.

Lakini sheria yajua zaidi kukataza kuliko kusaidia. Mjane aliyeambiwa asitie saruji ana haki ya kuuliza chokaa aipate wapi, na kwa fedha gani. Na akikosa jibu, atangoja usiku afanye alilokatazwa, au ataiacha nyumba ianguke, na katika hali zote mbili sheria imetiiwa katika vitabu na kushindwa katika mtaa.

Yako pia mambo yaliyo makubwa kuliko nyumba moja moja. Mwezi wa Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari mpya upande wa bara, sehemu ya mradi ujulikanao kwa jina la LAPSSET, na gati la kwanza likafunguliwa mwezi wa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kulalamika kuwa kuchimbwa kwa bahari kuliharibu mazalio ya samaki na kwamba hawakushirikishwa, na katika mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa haki. Mwaka 2019 Baraza la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika Kaunti ya Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Hukumu hizi ni sehemu ya historia ya hifadhi kama ilivyo kazi ya mwashi, maana mvuvi na mkata mikoko wakikosa bahari, ndio hao hao wenye nyumba na wapiga sakafu watakaokosa riziki ya kubakia mjini. Vivyo hivyo vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mwekezaji huviona kama viwanja vitupu, ndivyo vinavyokusanya mvua na kuyaweka maji matamu yanywewayo na mji. Mji wa mawe uliosimama juu ya kisima cha chumvi hauwezi kukaliwa hata ukiwa na tuzo za dunia nzima.

V. Yatupasayo

Kwa hayo yaliyotangulia, kazi ya kwanza ni kuirudisha chokaa karibu na watu. Pawepo tanuri la kudumu na mashimo ya kulowekea, yenye kusimamiwa na Serikali ya Kaunti pamoja na Makumbusho, ili mtu apate chokaa iliyokomaa kwa bei isiyozidi ya saruji, siku yoyote aitakayo. Na katika ruhusa za kukata mikoko litengwe fungu maalumu la boriti kwa matengenezo ya nyumba za kale, ili msitu na mji visiwe mahasimu.

Kazi ya pili ni mafundi. Ustadi wa lipu, wa kuchora zidaka, wa kusakifu na wa kuchonga milango haujifunzwi kwa kitabu. Hufundishwa mkono kwa mkono, kijana akichanganya chokaa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kushika kisu. Kijana huyo sharti alipwe wakati wa kujifunza, na apewe hati itakayotambuliwa Mombasa, Unguja na Kilwa, ambako kazi kama hiyo ipo, ili asione kuwa ameupoteza ujana wake katika elimu isiyo na soko.

Kazi ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni mwenye nyumba. Uundwe mfuko wa kumkopesha mwenyeji anayeishi katika nyumba yake, bila ya riba kwa kuwa wengi wao dini yao inaikataza, na alipe polepole ili wa pili naye apate. Warithi wasaidiwe na makadhi na mawakili kupatana mapema, mmoja awanunue wenzake badala ya nyumba kwenda kwa mgeni kwa sababu tu hapana aliyekuwa na fedha mkononi. Na wenye uwezo, walioko nyumbani na walioko Ghuba na Ulaya, wafufue wakfu, waweke duka moja au nyumba moja ambayo kodi yake itatengeneza nyumba za wasiojiweza katika mtaa wao. Sunna hii tunayo, sheria yake tunayo, na misikiti iliyosimama mpaka leo ni ushahidi kwamba ilifaa.

Mambo haya hayahitaji mali ya ajabu, na gharama yake ni ndogo tukiilinganisha na ile ya gati moja la bandari. Yanahitaji wakuu wakubali kwamba fedha itumiwayo kumfanya mwanamke wa Mkomani aendelee kukaa katika nyumba aliyojengewa na babu wa mama yake ni fedha ya hifadhi kwa maana iliyo kamili, na kwamba iwapo kiasi hakitoshi kwa yote, yeye na fundi wake watangulizwe kabla ya mabango, sherehe na rangi za mbele ya pwani. Pate ilikuwa na mashairi mazuri kuliko miji yote ya zama zake, na hayakuweza kuzuia dari moja kuanguka. Lamu ingali na watu wanaojua kuizuia, na wajibu wetu ni kuwawezesha wangali hai.